Naona mishahara ya wote, wangu ndio unaninyima usingizi

Shikamoo dada,

Mimi ni mama wa watoto watatu, nina miaka 43, naishi Njiro. Kazi yangu iko kwenye kampuni ya utalii hapa hapa Arusha, mwaka huu natimiza miaka 11. Niliingia nikiwa afisa utumishi, nikapanda kuwa meneja, na tangu 2021 cheo changu ni Mkuu wa Rasilimali Watu. Tuna hoteli mbili, kambi tatu mbugani, karakana ya magari, na idara ya kupandisha wageni Mlima Kilimanjaro. Msimu ukikolea tunafika watu 640. Masika yakianza tunabaki 410 hivi. Mikataba yao, likizo, bima, nidhamu, mpaka rambirambi, vyote vinapita mezani kwangu.

Kila tarehe 22 naletewa orodha ya mishahara niikague kabla haijaenda kwa mkurugenzi. Mwezi uliopita tuliajiri mkuu mpya wa fedha kutoka Dar es Salaam. Mkataba wake niliuandaa mimi, ila niliagizwa sehemu ya mshahara niiache wazi, bosi ataijaza mwenyewe. Tarehe 22 ilipofika nikaliona jina lake: milioni 7.5 kwa mwezi, gari la ofisi na mafuta. Mimi mshahara wangu ghafi ni milioni 4.2, hapo kila posho imo. Gari naendesha langu.

Dada, nilifunga mlango nikakaa. Sikulia. Chai ya maziwa niliyoletewa ilipoa mbele yangu mpaka ikaweka utando juu. Kisha nikachukua shajara, nikafungua ukurasa wa mwisho kabisa, nikaandika mishahara ya wakuu wa idara wote saba. Mimi ni wa sita. Wa saba ni kijana wa manunuzi aliyeingia juzi. Ukurasa ule nimeuchana, uko kwenye pochi yangu mpaka leo.

Mwaka jana niliomba nyongeza. Bosi alinijibu kwa upole kabisa: "Unajua HR haileti wageni." Maneno hayo yamenikaa kooni. Mwaka 2020, corona ilipofunga mipaka na hoteli zikabaki na walinzi tu, ni mimi niliyekaa siku tatu na viongozi wa tawi la chama cha wafanyakazi kwenye ukumbi wa chakula, viti tumeviweka mbalimbali, mpaka tukakubaliana watu wapunguziwe mshahara badala ya kuachishwa kazi. Hakuna aliyetupeleka CMA, ile tume inayoamua migogoro ya kazi, hata mmoja. Hilo halikuleta wageni, ni kweli.

Mume wangu anasema niuweke ule ukurasa mezani kwa bosi, "ajue kwamba unajua". Rafiki yangu wa kanisani anasema mwanamke akidai pesa anaonekana mkorofi, nishukuru nina kazi. Nikaingia mtandaoni nikasoma kwamba Marekani meneja wa HR anapata kama dola 140,000 kwa mwaka. Mimi nikipiga hesabu ya mwaka mzima sifiki hata moja ya sita ya hizo. Nikazidi kuchanganyikiwa.

Halafu wiki mbili zilizopita nikapata ofa Moshi, taasisi isiyo ya kiserikali. Cheo ni Meneja wa Rasilimali Watu na Utawala, wafanyakazi 90, mkataba wa miaka miwili, mshahara ghafi milioni 5. Wanataka jibu kabla ya tarehe 30. Mkurugenzi wangu naye nimemwomba kikao, amenipa Alhamisi ijayo saa nne asubuhi.

Niutumie ule ukurasa? Niende Moshi? Na hivi kweli, kazi yangu ina thamani ya shilingi ngapi?

Mwenye Funguo, Njiro

*

Marahaba mdogo wangu, na pole. Pole ya dhati, maana nimeshika funguo hizo hizo kwa miaka 26 kabla sijastaafu, na najua uzito wa kuona kila kitu na kutakiwa kutembea kama hujaona.

Naanza na ukurasa ulio kwenye pochi yako, kwa sababu unanitisha kuliko Moshi. Uteketeze leo. Usisubiri Alhamisi. Shemeji namheshimu, anakutetea kama mume anavyopaswa, lakini hapa ushauri wake utakuangusha. Miaka mingi iliyopita nilikuwa na mwenzangu ofisini, mwanamke hodari kuliko mimi, aliyeingia kwenye kikao cha mshahara akataja kiwango cha meneja mwingine. Alikuwa na haki kabisa. Kikao kilichukua dakika tano kuacha kuzungumzia mshahara wake, kikageuka kuwa kikao cha kuvuja kwa siri. Alitoka pale anajitetea. Nyongeza haikuguswa tena, na baada ya mwaka hakuwepo.

Isitoshe, tangu Mei 2023 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi inayofanya kazi. Msingi wake mmoja ni kwamba taarifa ya mtu iliyokusanywa kwa shughuli fulani itumike kwa shughuli hiyo. Orodha unaletewa uikague. Siku utakapoitumia kujipigania, umeshaitoa kwenye kazi yake. Na hao wenzako sita, akiwemo kijana wa manunuzi, kila mmoja aliandika jina lake kwenye mkataba akiamini wewe ndiye mlinzi.

Halafu huuhitaji. Mkurugenzi anajua unaiona orodha. Alipokuagiza uache nafasi wazi alijua tarehe 22 itafika. Ukiingia Alhamisi bila kutaja jina la mtu wala kiwango cha mtu, naye anajua unachokijua, hilo lenyewe ni sehemu ya sifa unayoenda kulipiwa.

Sasa swali lako la mwisho, ambalo kwangu ndilo la kwanza: kazi yako ina thamani gani.

Ile takwimu ya Marekani uliyoikuta ni ya kweli. Ofisi yao ya Takwimu za Kazi ilionyesha kwamba Mei 2024 nusu ya mameneja wa rasilimali watu walilipwa zaidi ya dola 140,030 kwa mwaka, na nusu chini ya hapo. Lakini kuilinganisha moja kwa moja na slipu yako ni kujitesa bure. Kodi ya nyumba yao, bima yao ya afya, ada za vyuo vyao, hivyo vyote viko ndani ya hiyo namba. Na wale wakubwa kabisa wa kampuni zilizo kwenye soko la hisa, sehemu kubwa ya malipo yao wala si mshahara, ni hisa na bonasi. Kampuni ya familia hapa Arusha haina hisa za kukugawia.

Kuna jambo moja la kule, hata hivyo, nataka ulitazame vizuri. Sheria za soko la mitaji la Marekani zinazilazimisha kampuni hizo kutangaza malipo ya mtendaji mkuu, ya mkuu wa fedha, na ya wakubwa wengine watatu wanaolipwa zaidi. Umeona? Mkuu wa fedha anatajwa kwa nafasi yake, apate kingi apate kidogo. Mkuu wa rasilimali watu anaingia kwenye jedwali lile pale tu malipo yake yakimfikisha, na mara nyingi hayamfikishi. Kwa hiyo pengo lililokukosesha usingizi halikuanzia kwa bosi wako. Fedha zina lugha ambayo kila mwenye mali anaielewa. Benki ikitaka kukopesha inamwita mkuu wa fedha, mkaguzi akija anamwita yeye, TRA wakibisha hodi anaitwa yeye. Sisi tunaitwa mambo yakishaharibika.

Na bado wapo waliovuka. Leena Nair alikuwa mkuu wa rasilimali watu wa Unilever dunia nzima, na Januari 2022 akakabidhiwa kuiongoza Chanel. Mary Barra wa General Motors alipita kwenye kiti cha rasilimali watu miaka michache kabla ya kuwa mtendaji mkuu mwaka 2014. Nakutajia hawa kwa sababu moja tu: wamiliki wa mali walioamua kuiangalia kazi hii kwa macho mawili waliona ndani yake mtu anayeweza kushika kampuni nzima.

Wanaopanga mishahara kitaalamu hawapimi cheo. Wanapima kazi. Mwaka 1943 Mmarekani mmoja, Edward Hay, alianzisha kampuni ya ushauri kule Philadelphia, na mfumo uliobeba jina lake unapima vitu vitatu: ujuzi ambao kazi inauhitaji, ugumu wa matatizo inayoyatatua, na ukubwa wa dhamana, yaani mtu akikosea au akifanya vizuri, kampuni inapoteza au inapata kiasi gani. Upo pia wa Paterson, unaotumika sana kusini mwa Afrika, ambao unauliza swali moja tu: nafasi hii inafanya maamuzi ya aina gani? Mifumo hii haijali kama wewe ni mwanamke, umekaa miaka 11, au unaelewana na bosi.

Ipime basi yako. Watu 640 wanaoshuka hadi 410 na kupanda tena kila mwaka ni kazi ngumu kuliko watu 640 waliotulia mwaka mzima. Mikataba ya msimu inafunguliwa na kufungwa kwa sheria, na ukikosea utaratibu, CMA inaweza kuamuru mtu arudishwe kazini au alipwe fidia ya mishahara ya miezi mingi. Una wapishi, madereva wanaoongoza wageni, mafundi, wahudumu wa kambi walio mbali na mji, wapagazi wa mlimani. Kila kundi lina hatari yake. Kuna mkataba wa hali bora unaojadiliwa na chama. Ukubwa wa eneo unalolibeba ndio kitu cha kwanza kinachopandisha au kushusha malipo ya mtu wa nafasi yako popote duniani: watu wangapi, matawi mangapi, mapato ya kampuni kiasi gani.

Cha pili ni sekta. Benki, migodi, kampuni za simu na mashirika ya kimataifa mara nyingi hulipa kazi hii hii kwa kiwango ambacho hoteli hazifiki. Kwenye hoteli na mashamba ya maua kule Usa River, mishahara ni kati ya gharama kubwa kabisa, na mwenye mali anaishika kwa vidole vyote kumi. Hapa Arusha unaona tofauti hiyo kwa macho. Nafasi ya rasilimali watu ikitangazwa na Jumuiya ya Afrika Mashariki inakuja na daraja lake. Serikalini ngazi za mishahara zinajulikana. Kwenu, nafasi iliachwa wazi ikajazwa kwa kalamu ya mtu mmoja.

Cha tatu, na hapa nataka usome polepole, ni unaripoti kwa nani. Mkataba wa mkuu mpya uliuandika wewe, basi kumbuka kilichoandikwa kwenye cheo chake. Ni Mkuu wa Fedha? Au ni Mkuu wa Fedha na Utawala? Hilo neno la mwisho nimeliona likimeza idara za watu. Likishaingia, miezi sita baadaye unaambiwa taarifa zako zipitie kwake, na tangu siku hiyo mshahara wako una dari, maana hakuna anayelipwa karibu na anayemsimamia. Mkuu wa rasilimali watu anayekaa mezani na mkurugenzi na kuingia kwenye bodi ana bei moja. Anayepitia kwa mhasibu ana bei nyingine, hata kama kadi ya biashara inasoma vilevile. Kwangu hili lina uzito kuliko hata ile milioni 7.5. Liulize Alhamisi, waziwazi.

Kisha kuna historia yako, na hii ndiyo naamini imekuumiza zaidi bila wewe kuiona. Uliingia kwa mshahara wa afisa. Kila ulipopandishwa walichukua ule wa zamani wakaongeza asilimia kidogo, mwaka hadi mwaka. Mwenzako amekuja na bei ya Dar es Salaam, wakamuuliza anataka ngapi. Wewe hujawahi kuulizwa. Aliyekulia ndani hubaki akilipwa kwa kumbukumbu za alivyoingia, na hilo linawakuta wengi waaminifu, wanaume kwa wanawake.

Ingawa, tuseme ukweli, wanawake zaidi. Rafiki yako wa kanisani hana nia mbaya, lakini maneno yale siyakubali hata kidogo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 7, inamtaka mwajiri achukue hatua za makusudi kuhakikisha mwanamke na mwanaume wanalipwa sawa kwa kazi yenye thamani sawa. Thamani sawa, siyo cheo sawa. Haimaanishi moja kwa moja kwamba wewe na mkuu wa fedha mlingane. Inamaanisha lazima pawepo na kipimo, na kwenu hakipo. Mlango wa CMA kwa malalamiko ya namna hii upo, na muda wake ni siku 60 tangu mgogoro ulipotokea. Nakutajia ujue umesimama wapi. Tusianzie huko. Lakini mwanamke anayeomba kazi yake ipimwe si mkorofi, na naomba usiingie kwenye kikao kile ukiwa umeinamisha kichwa.

Tuje kwenye "HR haileti wageni".

Wageni wa kimataifa walioingia Tanzania mwaka 2019 walizidi milioni 1.5. Mwaka 2020 wakashuka hadi kama 620,000. Kufika 2024 walikuwa wamevuka milioni 2.1. Weka kampuni yenu katikati ya namba hizo. Wageni waliporudi, walipokelewa na nani? Na dereva anayejua kila kona ya Ngorongoro na anayeongea Kijerumani, mpishi anayejua mgeni asiyekula karanga, mtu wa mapokezi anayekumbuka jina. Zipo kampuni zilizowaachia watu wao wote mwaka 2020, zikaanza kuwatafuta upya magari yakiwa yamejaa. Ninyi mlikuwa nao. Walikuwepo kwa sababu ya siku zako tatu kwenye ukumbi wa chakula. Mimi ningeliandika hilo kwenye karatasi ya kwanza kabisa: idadi ya waliobaki, idadi ya waliorudi kwenye mshahara kamili na tarehe, kesi zilizokwenda CMA, sifuri. Chini yake uandike madereva wangapi wameacha kazi miaka mitatu iliyopita, na kila aliyeacha katikati ya Julai mlitumia kiasi gani kumpata na kumfundisha wa kuziba pengo, pamoja na gharama ya kukodi dereva wa nje kwa safari alizoziacha. Hizo namba unazo wewe peke yako, ni za idara yako, na kuzitumia ni halali kabisa. Mwenye mali akiona shilingi anaelewa. Sisi watu wa utumishi tumezoea kueleza kazi yetu kwa maneno mazuri, na maneno mazuri hayapandishi mshahara wa mtu.

Kuhusu Moshi, chukua kalamu.

Kwenye milioni 4.2 zako, NSSF asilimia 10 ni 420,000. Kodi inakatwa kwenye 3,780,000 inayobaki: kwa milioni ya kwanza ni 128,000, na inayozidi hapo inakatwa asilimia 30, yaani 834,000. Jumla 962,000. Kinachoingia benki ni 2,818,000. Kwa milioni 5 za Moshi, NSSF ni 500,000 na kodi ni 1,178,000, kinaingia 3,322,000. Tofauti ya 800,000 uliyoiona kwenye barua imekuwa 504,000 mkononi. Katika kila shilingi wanayokuongezea ghafi, kwa kiwango chako, unaondoka na senti 63.

Njiro hadi Moshi ni kama kilomita 80. Ukienda na kurudi kila siku kwa gari lako, toa mafuta na matairi. Ukipanga chumba Moshi, toa kodi, na toa kitu ambacho sijui kukipigia hesabu, watoto watatu wanaokula chakula cha jioni bila wewe siku nne kwa wiki. Sijui kitabaki nini, ila si 504,000.

Halafu mkataba. Wa muda maalumu kwa meneja unaruhusiwa kisheria, hauna ubaya. Lakini miezi sita ya kwanza kwa mwajiri yeyote mpya huna kinga ile ya kutoachishwa kazi isivyo haki ambayo leo unayo. Na kiinua mgongo cha kisheria, kile cha siku 7 za mshahara wa msingi kwa kila mwaka hadi miaka 10, hulipwa mwajiri akikuachisha. Ukiandika barua mwenyewe unaziacha siku 70 mezani. Hayo nayasema ili uyaone, siyo yakutishe. Taasisi nyingi za namna hiyo huwa na kiinua mgongo cha mwisho wa mkataba na bima nzuri ya familia, jambo linaloweza kubadilisha hesabu yote. Waulize kwa maandishi: kiinua mgongo ni asilimia ngapi, bima inawafikia watoto, fedha za mshahara wako zinatoka kwenye mradi gani na mradi unaisha lini. Mradi uliobakiza miezi 14 hauwezi kubeba mkataba wa miezi 24.

Na kutoka watu 640 kwenda 90, hata kama mshahara umepanda, ni kushuka. Miaka miwili ijayo atakayesoma wasifu wako ataona hilo kwanza. Kwa hiyo kwa hesabu ya fedha tu, mimi nisingeenda. Ningeenda kwa sababu nyingine moja: kama Alhamisi utagundua kwamba kweli idara yako imewekwa chini ya fedha na hakuna mpango wa kuipima. Hapo 90 walio chini ya mtu anayekuheshimu ni bora.

Naomba tu usiipeleke ofa ile kwa bosi kama fimbo. Akikuambia "nenda", utalazimika kwenda. Itaje kama akikuuliza, na uitaje kwa ukweli.

Cha kuomba: mimi ningetaja milioni 6. Najua ni mruko mkubwa, ndiyo maana ningeigawa: milioni 5.2 kuanzia mwezi ujao, na 6 kuanzia Januari. Katikati hapo, mtu wa nje apime nafasi zote saba za wakuu wa idara kwa mfumo mmoja unaojulikana, na matokeo yake yafuatwe, yakupandishe au yakubakishe. Akisema fedha hakuna, usikate tamaa upesi, muulize kuhusu gari. Watu wengi hawalijui hili: gari la ofisi linahesabiwa kwenye kipato chako kwa kiwango maalumu cha kisheria kinachotegemea injini na umri wa gari. Kwa injini ya kati ya cc 1,000 na 2,000 isiyozidi miaka mitano, kiwango ni 500,000 kwa mwaka mzima. Kodi yake kwako ni 150,000 kwa mwaka. Linganisha na mafuta, bima na matengenezo unayolipa mwenyewe. Kwa mwajiri nako kuna unafuu, maana kila nyongeza ya fedha taslimu inamfuata na mchango wake wa NSSF, tozo ya kuendeleza ujuzi (SDL) na mfuko wa fidia kwa wafanyakazi (WCF).

Alhamisi nenda na karatasi mbili, siyo zaidi. Usianze na miaka 11, usianze na watoto wala ada. Mimi ningesema hivi: "Mkurugenzi, nimekuja kuzungumzia uzito wa nafasi yangu. Hizi ni namba za idara yangu kwa miaka mitatu, na hii ni ya 2020. Naomba nafasi za wakuu wa idara zipimwe kwa kipimo kimoja, na wakati tunasubiri naomba mshahara wangu usogezwe kufikia 5.2 mwezi ujao na 6 Januari. Pia ningependa kuelewa, kuanzia sasa naripoti kwako au kwa mtu mwingine?"

Ukishasema hivyo, nyamaza. Kimya kitakuwa kizito na utatamani kukijaza, utasikia ulimi unataka kuongeza "lakini hata nusu yake si mbaya". Uzuie. Mwache yeye aongee kwanza, hata ikichukua dakika nzima. Akiomba muda, mpe, ila muulize tarehe, na hiyo tarehe iwe kabla ya 30.

Niandikie Ijumaa.